Maua Juu ya Matuta

Viatu nilivyovaa kwenye mazishi ya Mama Riziki bado viko nje ya mlango wangu hapa Kizwite, mjini Sumbawanga, vimegandwa na udongo mweusi wa kijijini kwetu, na sitaki mtu avifute. Kijana wangu mkubwa ameshanisema. "Mama, vinanuka." Namwambia aviache vinuke. Ni harufu ya nyasi zilizozikwa, tamu kidogo na chachu kidogo, kama pombe inayoanza kuumuka, na kila ninapotoka kwenda kwenye genge langu la maharage nasimama pale kwanza na kuvuta pumzi kama mwendawazimu.

Wiki hiyohiyo kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp lilikuwa limewaka moto. Mpwa wangu mmoja aliyeko Dar alitupia habari ya wahamiaji waliokamatwa ndani ya lori, na kuanzia hapo kila mtu akawa mtaalamu. Huyu anasema wageni wanatumalizia ardhi, yule anasema wanaleta magonjwa, mwingine anauliza hivi Wafipa waliojaa Zambia na Mpanda walikwenda huko kama malaika? Kijana wangu alitusomea mezani kwa sauti za kuigiza, tukacheka mpaka mboga ikapoa, kisha akaniuliza mimi niko upande gani. Mjadala huo niliusikia mara ya kwanza nikiwa na mapengo ya mbele, nimekaa kwenye nyasi kwenye mkutano ambao watoto hatukualikwa, na aliyekuwa anajadiliwa alikuwa mtu ninayempenda.

Kwa asiyelima kwetu juu Ufipa, lazima nieleze matuta. Mvua zinapokaribia kuisha na udongo ungali laini, Mfipa anafyeka nyasi, anazilaza chini, kisha anazifunika kwa jembe mpaka zinakuwa tuta la mviringo, kubwa kama tanuri dogo la mkaa. Sisi tunaliita intumba. Halafu anafanya la pili, na la tatu, mpaka mteremko mzima unakuwa umevimba. Matuta hayo yanakaa hivyo kiangazi chote, nyasi zikiozea ndani. Mvua mpya zikija tunayabomoa, tunatawanya udongo uliokwisha kunona, tunamwaga ulezi. Ndivyo walivyofanya wazee wetu na ndivyo wengi tunavyofanya hata sasa, ingawa wapo waliokwisha kuhamia kwenye mifuko ya mbolea na wanatuona washamba.

Nililelewa na Bibi Desideria, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa wameteremka bonde la Rukwa kulima mpunga, wakawa wanakuja Krismasi na kuondoka kabla sijawazoea. Bibi alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi majirani: hakuwa na uwezo wa kumwona mtu amesimama mlangoni bila kumwambia aingie. Muuza vyungu aliingia, mlevi aliingia, katekista aliingia akakuta mlevi bado yupo.

Ndivyo alivyoingia Mama Riziki. Kule ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na vita, watu walikuwa wanavuka kwa mitumbwi na kupanda milima kuja kwetu juu, na jioni moja yenye upepo mkali mwanamke mrefu alisimama uani kwetu na mtoto wa kike amemng'ang'ania kitenge. Kulikuwa kumekwisha kuingia giza. Bibi aliwapa ugali wa ulezi na maharage, akawalaza kwenye kibanda kilichokuwa ghala letu, kilichotazama mashamba. Mtoto ndiye Riziki. Alikuwa mdogo kwangu kidogo, na asubuhi ya pili nilikuwa nimeshamfundisha kuruka kamba na nimeshamkalisha kwenye kigoda changu, heshima ambayo sikuwahi kumpa mtu.

Nilimpenda na mama yake vilevile. Alisema Kiswahili, lakini si chetu. Chake kilikuwa kinayumbayumba vizuri, kila neno limeongezewa nyama kidogo, na alipomshukuru Bibi kwa "aksanti" yake nilihisi kama ni mimi niliyeshukuriwa. Alikuwa anapukuchua mahindi na Bibi kutwa nzima. Shambani hakwenda, maana kazi ya matuta ilikuwa imekwisha, na Bibi alisema mtu aliyetembea vile apumzishe miguu. Jambo moja tu lilikuwa geni. Kila tulipopita njia ya mashambani kwenda kuchota maji, Mama Riziki alikuwa anavua ndala, anazishika mkononi, anapita taratibu bila kuongea mpaka mteremko uishe, ndipo anazivaa tena. Bibi alinong'ona kwamba labda ndiyo desturi ya kwao, tusimtazame sana.

Halafu asubuhi moja ya baridi nilitoka kwenda kujisaidia nikamwona. Jua lilikuwa ndiyo linachungulia, umande umetanda, na Mama Riziki alikuwa katikati ya shamba la Bibi, miguu mitupu, amekumbatia maua ya njano, yale ya porini yanayojiotea pembeni mwa mashamba mvua zinapoaga. Alipiga goti mbele ya tuta, akaweka ua juu yake, midomo ikawa inacheza. Akainuka, akaenda la pili. Nilikaa nyuma ya kibanda mpaka meno yakaanza kugongana.

Nilimwuliza Riziki mama yake alikuwa anafanya nini. "Anaomba," alisema, na akaendelea kula kiporo.

Basi nikaelewa kila kitu, au ndivyo nilivyoona. Kila mwaka kabla ya kupanda, padri alikuwa anakuja kigangoni, watu wanapanga vikapu vya mbegu mbele ya altare, naye anavinyunyizia maji na kuviombea. Kumbe na kwao wapo wanaoombea, ila wao hawaombei mbegu, wanaombea tuta lenyewe, tena kwa maua! Niliona ni jambo la maana kuliko letu. Bibi alikuwa hajui kwamba ulezi wake utakuwa na baraka mbili, na mimi niliyejua nilivimba kichwa siku nzima.

Sasa, jirani yetu alikuwa Babu Gaudensi, mdogo wake marehemu babu yangu. Huyu alikuwa mtani wangu mkubwa. Aliniita mchumba, akanidai ugali kila anaponiona, na mimi nilimwambia siolewi na mzee mwenye ndevu za mbuzi. Lakini kuhusu wageni hakuwa na utani. Familia nyingine zilikuwa zimepanda kutoka ziwani baada ya Mama Riziki, na kila jioni Babu Gaudensi alikuja kukaa kwenye jiko la Bibi akisema maneno yaleyale.

"Shemeji, mimi sina neno na huyu mama. Nina neno na watakaokuja mwakani."

"Mwakani hata mimi sijui kama nitakuwepo," Bibi alijibu. "Kula viazi."

"Ardhi yenyewe imechoka. Ulezi wangu mwaka jana umeuona? Vichwa kama vidole vya mtoto! Wajukuu wetu watalima wapi?"

Bibi alimwongezea viazi. Mama Riziki alikuwa amekaa hapohapo, anapukuchua, anasikia yote, na hakuinua kichwa. Babu Gaudensi naye hakuwa mtu mbaya, maana alipoaga alimwambia usiku mwema na kumpa Riziki kipande cha muwa. Ila alikuwa amekwisha kumwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano kuamua kama wageni wakae au warudishwe ziwani, na siku ilikuwa imepangwa. Riziki akaniambia kwamba mama yake ameanza kufunga nguo kwenye kitenge.

Nilitafuta dawa ya Babu Gaudensi kwa akili niliyokuwa nayo. Tatizo lake lilikuwa ulezi, mwenyewe kasema. Ulezi wake ukiota vizuri ataridhika, akiridhika atanyamaza, akinyamaza Riziki atabaki. Na dawa ya ulezi nilikuwa naijua. Asubuhi ya siku ya mkutano, kabla Bibi hajaamka, nilichuma maua ya njano mpaka kanga ya Bibi ikajaa, nikaenda shambani kwa Babu Gaudensi, na kila tuta nikaliwekea ua na kuliombea Salamu Maria. Yalikuwa mengi. Mwisho nilikuwa nafupisha.

Mnajua ninyi mlio mbali sifa ya mji wetu kwa uchawi. Ukisema umetoka Sumbawanga watu wanakuuliza umekuja kwa basi au kwa ungo. Tunacheka nao, lakini mzee wa kwetu akikuta shamba lake limewekewa kitu kila tuta, na kitu hicho hakukiweka yeye, hacheki. Babu Gaudensi alifika mkutanoni na kapu limejaa maua yaliyonyauka, akalimwaga chini mbele ya meza ya mwenyekiti. Watu waliokaa mbele walirudi nyuma na viti vyao.

"Mnaona?" alisema. "Nilikuwa nazungumzia ardhi. Sasa tunazungumzia jambo jingine."

Mkutano ulikuwa nje ya shule. Sisi watoto tulijibanza kwenye nyasi ubavuni mwa darasa la kwanza, Riziki amenishika mkono. Kabla ya maua watu walikuwa wamesema mengi na hawakusema ovyo. Mwalimu alieleza kwamba watoto wanakaa chini, madawati hayatoshi hata kwa waliopo. Mama mmoja alisema tangu wageni waje anapata watu wa kumsaidia kuvuna, na mwanamume mmoja akamjibu kwamba ndiyo maana yeye sasa haitwi tena kibarua. Kila mmoja alikuwa na lake, na mwenyekiti, mtu mpole mwenye kofia ya sufu, alikuwa anawapa nafasi kwa zamu. Maua yalipomwagwa zamu zikaisha. Watu waliongea wote pamoja. Kijana mmoja alisema alimwona yule mama mrefu kwa Bibi Desideria akiinamia matuta alfajiri. Mama huyo akaitwa mbele.

Mama Riziki alisimama kando ya yale maua, kitenge chake kikipigwa na upepo. Mwenyekiti alimwuliza kama ni yeye.

"Ni mie, mzee. Kwa shamba ya Mama Desideria ni mie nilitia."

Kelele. Mwenyekiti akainua mkono.

"Kwa nini, mama?"

Alitazama mteremko, matuta yote yale yamejipanga mpaka kwenye korongo, na tukageuka kutazama anachotazama.

"Munisamehe," alisema. "Nilifika giza imeingia, sikuona kitu. Asubui naamuka, nafungua mulango, naona mulima yote ni makaburi. Ya mupya. Nikawaza, aa, kumbe vita ilitangulia huku. Hawa batu wamezika bandugu zao haraka, hata musalaba hakuna, na bado wananipa ugali. Niliona haya kuuliza. Bwana yangu alibakia kule njiani, sijue nani alimuzika. Nikasema, niwatilie hawa maua. Pengine na yeye kule kuna mutu atamutilia."

Katekista alivua kofia. Mimi nilikuwa natazama matuta na kwa mara ya kwanza niliyaona kama alivyoyaona yeye, nikaogopa, nikafumba macho.

Babu Gaudensi alikohoa. "Pole, mama," alisema, na alimaanisha. "Pole sana. Lakini kwangu je? Kwangu ulifuata nini?"

"Kwako sikufika, mzee."

"Haya ni ya nani?"

"Sijue."

Minong'ono ikaanza upya, na nilisikia mtu nyuma akisema unaona, ya kwake kakubali ili tusimwulize mengine. Mwenyekiti aliangalia karatasi zake. Riziki aliubana mkono wangu mpaka ukauma. Nadhani ni maumivu hayo yaliyonisimamisha, si ushujaa.

"Ni mimi, Babu."

Watu wote waligeuka. Bibi alisema, "Yesu wangu."

"Wewe? Mchumba?" Babu Gaudensi alinitazama kama kuku aliyeongea. "Kwa nini?"

"Ili ulezi wako uote. Uwe na vichwa vikubwa. Ili usiwafukuze." Nikaanza kulia. "Nimekuombea Salamu Maria kila tuta, na umeyatoa yote!"

Aliyeanza ni Bibi. Kicheko kilimtoka kwa kishindo kama mfuko wa mahindi uliopasuka, akajaribu kukizuia kwa kanga, ikashindikana. Katekista akafuata, na mwalimu, na wale mama wa mbele waliokuwa wamerudisha viti. Mwenyekiti alificha uso kwenye kofia. Babu Gaudensi alisimama katikati ya maua yake mdomo wazi, akaniangalia, akamwangalia Mama Riziki, na ndevu zake za mbuzi zikaanza kucheza zenyewe. Mama Riziki alikuwa haelewi. Alitazama watu hawa wanaocheka kuhusu makaburi, na Bibi alipoona uso wake aliacha kucheka palepale, akamwendea, akamshika mkono.

"Mwanangu," alimwambia, "hamna mtu mle. Njoo."

Mkutano mzima ulihamia shambani. Hakuna aliyefunga ajenda. Bibi alitaka jembe, na aliyelileta ni Babu Gaudensi mwenyewe, na hakumpa, alilishika yeye. Alichagua tuta moja la Bibi, akapiga pembeni kwa upole, akaufunua udongo kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Nyasi zilikuwa ndani zimelala, zimeshaanza kuwa nyeusi, na kwenye ile baridi mvuke ulitoka. Harufu ikapanda. Mama Riziki alipiga goti, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi, akanusa.

"Ni majani," alisema.

"Ni majani tu," alisema Babu Gaudensi. "Ndiyo chakula cha ulezi. Sisi tunazika majani."

Akacheka, Mama Riziki, na machozi yanamtoka, na mkono wake umejaa matope ameupandisha juu aone kila mtu. Nilimkimbilia. Alinikumbatia na mkono uleule, na gauni langu lile halikutakata tena mpaka nilipolipasua.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yote yaliisha kwa kicheko. Alichosema Babu Gaudensi kuhusu mwaka unaofuata kilitokea. Walikuja wengine, kuni zikawa mbali, darasani tulikaa kama dagaa kwenye uchanja, na watu waligombana tena na tena, mara nyingine wageni wakiwa na makosa, mara nyingine sisi. Baadaye maofisa walipanda na gari lao, familia kadhaa zikapelekwa kambini. Walipofika kwa Mama Riziki waliuliza nani anamfahamu mwanamke huyu, na Babu Gaudensi akajitokeza mbele. "Huyu? Huyu ndiye anayetuombea matuta." Ofisa hakuelewa, lakini Mama Riziki alibaki. Alilima na sisi, alikunywa na sisi kimpumu, pombe yetu ya ulezi, akasema Kifipa cha kuyumbayumba. Na ulezi wa Babu Gaudensi, ule mwaka wa maua, ulikubali ajabu. Yeye alisema ni mvua. Mimi nilisema ni Salamu Maria, na tulibishana hivyo miaka yote, kila ninapopanda kijijini ananiambia, "Mchumba, kwangu hujaweka mwaka huu."

Mazishi ya Mama Riziki yalikuwa mazuri, kama mazishi yanaweza kuwa mazuri. Matuta mapya yalikuwa yamekwisha kulimwa. Riziki, ambaye siku hizi ni mama mwenye sauti nzito na anaendesha mashine ya kusaga, alikuja na ndoo ya maua ya njano. Aliweka kaburini karibu yote, msalaba ukawa hauonekani. Halafu alivua viatu, akachukua yaliyobaki, akateremka shambani, nami nikavua vyangu nikamfuata. Tuliweka ua kwenye kila tuta tukielekea korongoni. Nyuma yetu waombolezaji walisimama njiani, na wenyeji waliwaeleza wageni kisa chenyewe, nikasikia vicheko vidogo.

Yalipoisha tuligeuka. Babu Gaudensi alikuwa amefika ukingoni mwa shamba lake, mzee sana sasa, ameegemea fimbo, mjukuu amemshika kiwiko. Ndevu zimekuwa nyeupe pee. Ndala zake alikuwa amezishika mkononi.

"Mchumba," aliniita, "na kwangu?"

Riziki aligeuza ndoo, lilikuwa limebakia ua moja chini, limepondeka. Babu Gaudensi alilichukua mwenyewe. Aliinama polepole, tukamshika huku na huku, akaliweka juu ya tuta la kwanza, akalisogeza kidogo likae katikati. Nilimwuliza kama anaombea ulezi.

"Hapana," alisema. "Hili ni la yule bwana wake, aliyebaki kule njiani."